Mwandishi Mgeni Anapobisha Hodi: Ufafanuzi wa Programu za Kubadilishana Wanahabari na Jamii za Waislamu

Kila inapojulikana kwamba mtangazaji au mwandishi fulani wa Mombasa amepata nafasi ya kukaa miezi kadhaa katika chumba cha habari cha ng'ambo, maneno huanza kuzunguka. Wapo wanaompongeza kwa kupata masomo, ilhali hakwenda kusoma. Wapo wanaoamini kwamba amepata njia ya kuhamia huko na kwamba hatarudi tena. Na ikiwa programu yenyewe imetangazwa kuwa ya kujenga maelewano na jamii za Waislamu, hakosekani wa kuuliza, kwa sauti ya chini barazani au kwa sauti ya juu katika makundi ya WhatsApp, kama huo si ujasusi uliovishwa kanzu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliposimamisha malipo ya fedha za programu zake za kubadilishana, mazungumzo yaligeuka upande wa pili: baadhi ya waliokuwa wakizishuku walianza kuuliza zilikuwa zikifanya nini hasa, na ni nani atakayeziba pengo. Maswali yote hayo ni ya haki. Tatizo ni kwamba yanaulizwa kana kwamba programu hizi ni kitu kimoja, na sivyo.

Tuanze na lililo rahisi. Programu ya kubadilishana wanahabari ni mpango ambao mwandishi, mhariri, mtangazaji au mpiga picha anatoka kwao na kwenda nchi nyingine kwa muda maalumu, ama kufanya kazi yake huko, ama kuitazama ikifanywa na wenzake, kisha anarudi alikotoka. Nauli, malazi na posho hulipwa na serikali, wakfu wa kibinafsi, chuo kikuu au shirika la kimataifa. Ile inayohusu maelewano na jamii za Waislamu huongeza sharti moja: ama mwandishi anatoka katika jamii hizo na kwenda kwa wasiozifahamu, ama anatoka kwa wasiozifahamu na kuja kwazo. Programu hizi hazihubiri dini, na wala si lazima anayeshiriki awe Mwislamu. Mkristo wa Mombasa anayeripoti habari za Mji wa Kale kila siku anaweza kufaa kuliko Mwislamu asiyewahi kufanya kazi hiyo.

Chini ya maelezo hayo kuna aina ambazo hazifanani. Ipo ya masomo ya katikati ya kazi, ambapo mwandishi huacha dawati lake kwa muhula au mwaka akakaa chuoni; mpango wa Nieman wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulioanza mwaka 1938, ni wa namna hiyo, na wa Taasisi ya Reuters huko Oxford pia. Ipo ya ziara, na maarufu zaidi ni programu ya viongozi wageni ya serikali ya Marekani, inayojulikana kwa herufi IVLP, ambayo kwa kawaida huchukua wiki tatu hivi na haina fomu ya kujaza, kwa kuwa ubalozi ndio unaoteua. Tangu mwaka 2006 programu hiyo ina tawi la wanahabari lililopewa jina la Edward R. Murrow, mtangazaji wa Marekani. Aina ya tatu humweka mgeni ndani ya chumba cha habari kwa miezi kadhaa, akipangiwa kazi na mhariri na kuandika kwa jina lake, kama inavyofanya programu ya Alfred Friendly iliyoanzishwa miaka ya 1980 na mhariri mstaafu wa Washington Post. Ya nne, ambayo ndiyo adimu, hukusanya makundi mawili yakatembeleana. Kituo cha East-West cha Honolulu, kilichoundwa na bunge la Marekani mwaka 1960, kimewahi kuendesha semina za wahariri wa Marekani na wa Asia zilizohusu uhusiano wa nchi hiyo na Waislamu, na Umoja wa Mataifa, kupitia Muungano wa Ustaarabu, una mpango wa mwaka 2010 unaowapeleka watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini katika nchi za Kiarabu na kuwaleta wa huko upande wa pili.

Tofauti kati ya ziara na kuwekwa kazini ndiyo ambayo watu wengi hawaioni, nayo ni kubwa. Mgeni wa harusi huiona nyumba imepakwa rangi, biriani imeiva, na wenye ugomvi wameketishwa mbali mbali. Anayebaki wiki tatu baada ya harusi ndiye anayejua nani anaamka kuchota maji na nani hasemi na nani. Ziara ya siku chache humpa mwandishi picha ya harusi. Si picha ya uongo, lakini ni siku iliyochaguliwa, na aliyeichagua si mgeni.

Historia ya mambo haya haikuanza na Waislamu. Mwaka 1940, Nelson Rockefeller alipokuwa ameteuliwa kuratibu uhusiano wa Marekani na nchi za Amerika ya Kusini, wanahabari wapatao 130 wa nchi hizo walialikwa kuitembelea Marekani. Vita vilikuwa vimekwisha kuwaka Ulaya, na Washington iliogopa ushawishi wa Ujerumani ya Wanazi kwa majirani zake. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake jambo hili lilikuwa na miguu miwili, mmoja wa urafiki na mmoja wa masilahi, na anayetaka kuliona kuwa urafiki mtupu au hila tupu atalazimika kuukata mguu mmoja. Baada ya vita ilikuja sheria ya Fulbright ya mwaka 1946, ya kugharimia kubadilishana wanafunzi na wasomi, kisha ile ya mwaka 1961 ambayo hadi leo ndiyo msingi wa programu nyingi za Marekani.

Macho yaligeukia jamii za Waislamu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Miezi michache baadaye, Januari 2002, Daniel Pearl, mwandishi wa Wall Street Journal aliyekuwa Myahudi, alitekwa nyara mjini Karachi na hatimaye akauawa. Familia yake ilianzisha wakfu kwa jina lake, na moja ya kazi za wakfu huo, kwa kushirikiana na programu ya Alfred Friendly, ikawa kuwapokea waandishi kutoka nchi zenye Waislamu wengi ili wafanye kazi katika magazeti ya Marekani. Ndani ya mpango huo waliwekewa pia wiki moja katika gazeti la Kiyahudi la Los Angeles. Sijui jambo katika historia ya programu hizi linaloeleza nia yake kwa ufupi kuliko wiki hiyo: mwandishi wa Pakistani au wa Yemen ameketi katika kikao cha asubuhi cha wahariri wa Kiyahudi, wakibishana kuhusu habari gani iende ukurasa wa mbele.

Septemba 30, 2005, gazeti la Jyllands-Posten la Denmark lilichapisha vikaragosi 12 vya kumkejeli Mtume Muhammad, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata hasira zikalipuka katika nchi nyingi. Wahariri wa Ulaya waliona kwamba hawakuwa wamejua kina cha jambo walilochezea, na wahariri wa nchi za Kiislamu wakaona kwamba wasomaji wao hawakuelewa kuwa gazeti la Denmark si sauti ya serikali ya Denmark. Mwaka huohuo wa 2005, viongozi wa Uhispania na Uturuki walikuwa wameanzisha Muungano wa Ustaarabu chini ya Umoja wa Mataifa, na Ujerumani nayo ilianzisha, kupitia taasisi yake ya uhusiano wa nje ya ifa, mpango wa kubadilishana watu wa fani mbalimbali, wakiwemo wa vyombo vya habari, na nchi za Kiislamu. Rais Barack Obama alipohutubia Cairo Juni 4, 2009, aliahidi kuzipanua programu za kubadilishana. Jambo moja linaonekana wazi katika orodha hiyo ya matukio: macho yalielekezwa Pakistani, Indonesia na nchi za Kiarabu. Mwislamu wa Mombasa, Lamu au Kwale alibaki pembeni, ingawa mabomu yaliyoigeuza dunia kabla ya mwaka 2001 yalilipuka Nairobi na Dar es Salaam mnamo Agosti 7, 1998.

Sasa tuulize swali gumu zaidi: kukaa huko kunabadilisha nini katika habari yenyewe? Jibu halipo katika hotuba za ufunguzi. Lipo katika mambo madogo, na hapa Mombasa mfano mzuri ni mwezi mwandamo.

Karibu kila mwaka, mwisho wa Ramadhani, kuna Waislamu wa mji huu wanaoswali Idi leo na wengine wanaoswali kesho. Mwandishi aliyefika jana kwa ndege huona umati katika uwanja mmoja na maduka yaliyofunguliwa mtaa wa pili, naye huwahi kuandika kwamba Waislamu wa Kenya wamegawanyika. Mtu akikaa Ramadhani nzima katika kituo cha redio cha hapa ataliona jambo hilo kwa ukubwa wake halisi. Usiku wa tarehe 29 simu za studio hazikatiki: huyu anaarifu kwamba mwezi umeonekana mahali fulani, yule anauliza shahidi ni nani, mwingine anasema Saudia wametangaza tayari, na mtangazaji anasubiri neno la Kadhi Mkuu kabla ya kusema lolote hewani, kwa sababu akikosea, mamia ya watu watakula daku bure au wataamka na njaa siku ya sikukuu. Kisheria ni suala la zamani la fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, kama mwezi ukionekana nchi moja unawafunga walio nchi nyingine au la, na wanazuoni wakubwa wamekuwa pande zote mbili kwa karne nyingi. Katika nyumba nyingi za Mombasa baba hufuata kauli moja na mwana nyingine, na sahani ya biriani huvuka ukumbi siku zote mbili. Mwandishi aliyeyaona hayo hawezi tena kuandika kichwa cha habari kuhusu mgawanyiko. Pengine ataandika kuhusu saa ya kusubiri studioni, ambayo ni habari bora zaidi.

Mfano wa pili ni Mahakama za Kadhi. Wakati wa kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, nje ya Pwani wapo walioamini kwamba katiba mpya ilikuwa inaleta sheria ya Kiislamu kwa Wakenya wote. Kifungu cha 170 hakisemi hivyo. Kinasema mahakama hizo zinahusika na hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele ya Kadhi. Wala hazikuzaliwa mwaka 2010: makubaliano ya mwaka 1895 kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar kuhusu ukanda wa Pwani yalizitambua, na makubaliano ya Oktoba 1963, kabla tu ya uhuru, yakazithibitisha. Mwandishi anaweza kuyasoma haya kitabuni kwa nusu saa. Asichokipata kitabuni ni sura ya mahakama yenyewe: akina mama waliobeba vyeti vya ndoa ndani ya mifuko ya plastiki, wakingoja zamu ili waume waliowatelekeza waitwe kueleza kwa nini hawatoi matumizi. Anayeingia humo akiwa na wazo la mikono kukatwa hutoka na habari ya karo ya shule.

Upande wa pili hufundisha vilevile. Mwandishi wa hapa aliyezoea kuiona Marekani kupitia vita vya Iraq na Afghanistan huenda hajui kwamba katika mji wa Cedar Rapids, Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi, upo msikiti uliojengwa mwaka 1934. Au kwamba Dearborn, Michigan, ina mitaa ambayo mabango ya maduka yake ni ya Kiarabu. Au kwamba mbunge wa kwanza Mwislamu wa Marekani, Keith Ellison, aliapishwa Januari 2007 kwa kutumia nakala ya Kurani iliyokuwa ya Rais Thomas Jefferson. Novemba 2025, wakazi wa New York walimchagua meya Mwislamu aliyezaliwa Kampala, Zohran Mamdani. Lakini programu inayostahili jina lake haimwonyeshi mgeni hayo mazuri peke yake. New York hiyohiyo ndiyo ambayo polisi wake, baada ya mwaka 2001, walipeleleza misikiti, migahawa na vyama vya wanafunzi Waislamu, na shirika la habari la Associated Press likapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani, mwaka 2012 kwa kuifichua kazi hiyo. Kwa mwandishi wa Mombasa, mji ambao habari za watu kuchukuliwa na vyombo vya usalama na kutojulikana walipo zimekuwa zikiandikwa kwa woga kwa miaka, kuketi na waandishi waliopata nyaraka za polisi wao wenyewe na kuzichapisha kunaweza kumfaa kuliko mihadhara yote ya maelewano.

Hapo tunafika kwenye shutuma ya ujasusi, na haifai kuichekelea. Mwaka 1976 kamati ya seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church iliripoti kwamba shirika la ujasusi la nchi hiyo, CIA, lilikuwa na uhusiano wa siri na waandishi wa Kimarekani wapatao 50. Shirika hilo lilitangaza mwaka huohuo kwamba halitaingia tena katika mikataba ya malipo na waandishi walioidhinishwa wa vyombo vya nchi hiyo. Anayeshuku, basi, hakuliota jambo hili. Anachokosea ni kudhani kwamba programu ya wazi, yenye majina ya washiriki yaliyotangazwa, ndiyo mlango unaofaa kwa kazi ya siri. Hatari ya programu hizi ni nyingine na iko mchana kweupe: kwamba mgeni atarudi kwao akiwa amekula na kulala kwa fedha za mwenyeji, na ataona haya kumkosoa. Kwa lugha ya vyumba vya habari vya Kenya, ni bahasha, yaani hongo ya kumlainisha mwandishi, ila imechukua umbo la tiketi ya ndege.

Hatari hiyo haiko upande wa Magharibi tu. China nayo hualika wanahabari wa Afrika kila mwaka kwa ziara na kwa kukaa miezi kadhaa Beijing, na mwaka 2019 iliwapeleka wanahabari kutoka nchi kadhaa, zikiwemo za Waislamu wengi, katika jimbo la Xinjiang, wakati ulimwengu ulipokuwa ukiuliza kuhusu Wauighur, jamii ya Waislamu wa jimbo hilo, waliozuiliwa kambini. Waliotembezwa waliona madarasa, nyimbo na wanafunzi wenye tabasamu, na baadhi yao waliandika hivyo hivyo. Lakini katika ziara ya Agosti mwaka huo alikuwamo mwanahistoria wa Kialbania, Olsi Jazexhi, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikwenda akitarajia kuonyesha kwamba vyombo vya Magharibi vilidanganya. Aliuliza maswali ambayo hayakuwa katika ratiba, akawasikia waliozuiliwa wakieleza kwamba walikuwa humo kwa sababu ya mambo kama kuswali, na akatoka kuwa mmoja wa wakosoaji wakali. Nampenda mfano huu kwa sababu unazivuruga hoja za pande zote mbili. Ziara iliyopangwa kushawishi haikumshawishi. Na hata hivyo wengi waliokuwa naye kwenye basi walitosheka na walichoonyeshwa.

Kwa nini mmoja aone na mwingine asione? Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba watu wa makundi mawili kukutana hakutoshi kupunguza chuki. Alitaja masharti: wawe na hadhi sawa wanapokutana, wawe na lengo moja, walifikie kwa kushirikiana, na wenye mamlaka wauunge mkono mkutano wao. Mwaka 2006, watafiti Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 kuhusu suala hilo na kuona kwamba kukutana, kwa jumla, hupunguza chuki, na hupunguza zaidi masharti hayo yanapokuwapo. Sasa yatazame masharti hayo kwa jicho la chumba cha habari. Waandishi wawili waliopewa habari moja waiandike kwa pamoja kabla ya saa kumi na moja jioni wana lengo moja, wanashirikiana kwa lazima, na mhariri anawasimamia wote sawa. Mgeni anayetembezwa msikitini na afisa wa mawasiliano hana hata sharti moja kati ya hayo. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu miezi mitatu ya kazi ya kuchosha hushinda makongamano kumi ya maelewano baina ya dini, na ndiyo sababu inasikitisha kwamba fedha nyingi huishia kwenye makongamano, ambayo picha zake hupendeza katika ripoti za mwaka.

Yapo mambo mengine ya kuyaweka sawa kwa haraka. Programu hizi si njia ya kuhamia ng'ambo: anayekwenda Marekani kwa fedha za serikali ya nchi hiyo huingia kwa viza ya J-1, ambayo ni ya wageni wa programu za kubadilishana, na sharti lake la kawaida ni kurudi kwao na kukaa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu huko. Si za wenye shahada peke yao. Nyingi hutazama kazi zilizochapishwa au kutangazwa na barua ya mhariri anayekubali kumpokea tena mwandishi akirudi. Barua hiyo ya mhariri ndiyo kikwazo kikubwa kwa waandishi wa Pwani kuliko Kiingereza, na nitairejea. Na yeyote anayemtaka mwandishi atume pesa kwanza ili jina lake lipitishwe ni tapeli, kwa sababu programu za kweli ndizo zinazolipa.

Kinachokosekana kabisa katika mazungumzo yetu ni kwamba Mombasa haikuwa mwanafunzi katika mambo haya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa hapa mwaka 1891 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kuchapisha karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930 na gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Alikuwa akifuatilia maandishi ya wanamageuzi wa Cairo yaliyofika kwa meli, akiyapima kwa hali ya watu wa Pwani, na kuwaandikia kwa lugha yao kuhusu elimu, uchumi na utawala wa kikoloni. Chumba cha habari chenye Waislamu wanaojieleza wenyewe kilikuwapo Mombasa kabla ya programu yoyote iliyotajwa hapa. Leo mji una vituo vya redio ambavyo mhadhara wa Ijumaa, bei ya samaki na malumbano ya kaunti hupita katika studio moja siku moja. Mwandishi mgeni akitaka kuwaelewa Waislamu wa Afrika Mashariki, hapo ndipo pa kumweka, badala ya kumpeleka hotelini Nyali kuwasikiliza viongozi walewale wanaoalikwa kila mkutano.

Wageni wanaokuja hapa, kwa kweli, wamekuwa wakija mambo yanapoharibika. Walikuja Novemba 2002 baada ya shambulio la hoteli ya Kikambala, wakaja Agosti 2012 baada ya kuuawa kwa Sheikh Aboud Rogo na ghasia zilizofuata, wakaja tena Februari 2014 polisi walipouvamia Msikiti Musa, Majengo. Kila mara waliwatafuta wenyeji wa kuwatafsiria na kuwatafutia mahojiano, na wenyeji hao, ambao ni waandishi wenye uzoefu wa miaka, walilipwa kwa siku na majina yao mara nyingi hayakutokea kwenye habari. Ukiichunguza kwa vigezo vya Allport, kazi ya namna hiyo ina ushirikiano lakini haina hadhi sawa. Programu yoyote inayojinadi kuwa ya kubadilishana na Waislamu wa Pwani ingeweza kuanzia hapo: mwenyeji na mgeni waandike kwa majina mawili, kisha mwaka unaofuata mwenyeji naye aende akafanye habari huko kwa mgeni, akitafsiriwa yeye.

Na si lazima kuvuka bahari. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Waislamu ni takriban asilimia 11 ya Wakenya, na maamuzi mengi kuhusu namna wanavyoripotiwa hufanywa Nairobi na wahariri ambao wengi wao huijua Pwani kwa likizo ya Desemba. Mwandishi wa dawati la usalama la Nairobi angeweza kutumwa Mombasa mwezi wote wa Ramadhani, na wa Mombasa akakaa kwenye kiti chake kule. Gharama ni tiketi mbili za treni na kodi ya chumba. Kinacholizuia jambo hili ndicho kilekile kinachoizuia ile barua ya mhariri. Waandishi wengi wa Pwani hawana ajira ya kudumu. Hulipwa kwa kila habari inayotumika, na mwezi ambao mtu hayupo kuandika za hapa ni mwezi usio na malipo, wala hakuna wa kumhakikishia kwamba akirudi eneo lake halitakuwa limepewa mwingine. Programu za ng'ambo humlipa mgeni posho anapokuwa kule, lakini hazimlindii nafasi yake hapa. Wafadhili wanaouliza kila mwaka wasaidie vipi huandaliwa mapendekezo ya warsha. Ni nadra kuombwa walipe mshahara wa mwandishi mmoja wa Likoni kwa miezi mitatu ili mhariri wake aweze kuandika barua hiyo bila kupoteza mtu.